Kamati ya Insha

Kwetu jambo likiwa kubwa huundiwa kamati. Harusi ina kamati, msiba una kamati, mtu akitaka kwenda kutibiwa nje ana kamati. Nimekulia Tanga nikimwona baba yangu akitoka kila Jumapili kwenda vikaoni, kalamu kwenye mfuko wa shati, na mpaka leo sijajua ni kitu gani kingeharibika kama angebaki nyumbani akalala. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba anaomba nafasi katika chuo kimoja cha Marekani, chuo kinachowalipia kila kitu wanafunzi wachache kinaowachagua, na kwamba kati ya yote wanayoyataka kubwa ni insha ya ukurasa mmoja na nusu ya kujieleza yeye ni nani, nilifanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye anayeweza kulifanya. Nilimpigia shemeji.

Shemeji ni mdogo wa baba wa binti yangu. Anakaa Longbridge, huku huku Uingereza tuliko, kwenye nyumba mpya zilizojengwa palipokuwa na kiwanda cha magari, na hawezi kukaa chumba kimoja na watu zaidi ya wawili bila kuwa mwenyekiti wao. Ameongoza kamati za harusi nne hapa Birmingham. Ndoa moja kati ya hizo ilivunjika kabla video ya sherehe haijatoka, lakini ukumbi ulipambwa ukapambika, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Nilipomweleza habari ya insha aliuliza, "Kikao cha kwanza lini, shemeji?"

Kilikuwa Jumamosi alasiri, nyumbani kwangu Acocks Green. Wajumbe tulikuwa wanne. Mwenyekiti, shemeji. Mjumbe wa pili, bi mkubwa mmoja wa Kizanzibari ambaye mwanawe anasomea udaktari, na tangu siku mwanawe alipopata nafasi bi mkubwa amekuwa bingwa wa vyuo vyote duniani, hata vile ambavyo hawezi kuvitaja majina. Wa tatu, rafiki yangu Mkenya, muuguzi, anayekaa Castle Vale. Tulijuana hospitali, yeye yuko wodini, mimi niko jikoni. Wa nne mimi, katibu, kwa kuwa kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka.

Mwenye insha hakualikwa. Bibi harusi haketi kwenye kikao cha harusi yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Alishuka mara moja, akasema shikamooni, akaweka chupa ya chai na sahani ya kachori, akarudi juu chumbani kwake.

Tukafungua kikao kwa dua. Tukafanya utambulisho, ingawa tunajuana miaka kumi na zaidi na bi mkubwa alishanifundisha namna ya kupika mchuzi wangu mwenyewe. Kisha mwenyekiti akasoma ajenda aliyoichapa kwenye karatasi: kuchagua mada nzito, kugawana majukumu, mengineyo. Bi mkubwa akauliza kama kutakuwa na sare. Akaambiwa hilo litaingia kwenye mengineyo.

Muuguzi ndiye aliyeanza. Kanisani kwao amesaidia watoto watatu na wote wamepata vyuo, kwa hiyo tulimsikiliza.

"Wacha niwaambie ukweli," akasema. "Hawa watu wanataka struggle. Kama hakuna struggle, hakuna admission. Kijana wetu mmoja aliandika stroke ya baba yake, akapata. Mwingine aliandika asthma. Na hata haikuwa asthma mbaya."

Basi tukaanza kumtafutia mtoto shida.

Shemeji alipendekeza ukimbizi. Nikamkumbusha kwamba mimi nilikuja kwa ndege, na viza, na masanduku matatu, moja limejaa dagaa na kinu.

"Ndege usiitaje," akasema. "Sema safari ndefu."

"Na mtoto kazaliwa hapa, shemeji."

"Alikuwa tumboni."

"Alizaliwa miaka mitatu baadaye."

Mwenyekiti akatazama karatasi yake, akasema hoja hiyo tuiweke pembeni kwa sasa, tutairudia. Kisha, kwa utulivu kabisa, akapendekeza baba wa mtoto awe amefariki. Nakumbusha kwamba anayezungumziwa ni kaka yake wa tumbo moja. Tuliachana, ni kweli, akarudi Tanga akaoa mke mwingine, lakini ni mzima wa afya na kila Ijumaa hunitumia picha ya maua ya waridi yenye maandishi ya kunitakia siku njema. Bi mkubwa akashika kifua. "Astaghfirullahi, mwanangu, mtu mzima humzuliyi mauti," akasema. Akafikiri kidogo, akapunguza bei: labda awe mgonjwa tu. Muuguzi akasema mgonjwa anafaa, na kwamba yeye binafsi angependelea figo. Nikaandika: imekubaliwa baba awe mgonjwa.

Hapo simu yangu ikalia. Namba ya hapahapa Uingereza, isiyo na jina. Mimi Kiingereza cha uso kwa uso nakiweza. Nikimwona mtu mdomo na mikono yake tutaelewana, jikoni nagombana na msimamizi wangu kila wiki na aghalabu nashinda. Kiingereza cha simu hunikimbia. Maneno yanakuja yamebanana, nami nabaki kusema yes, yes, mpaka siku moja nikajikuta nimekubali kubadilishiwa kampuni ya umeme. Kwa hiyo nilifanya nifanyavyo siku zote, nikamwita binti yangu. Akashuka, akaichukua simu mkononi mwangu bila kuuliza, akatoka nayo koridoni, akafunga mlango. Zahanati, benki, halmashauri, wote hao hawataki kuzungumza na mtoto, wanataka mwenyewe, basi yeye huwaambia kwamba ndiye mwenyewe. Nyumba nyingi za kwetu hufanya hivyo na hatulioni kuwa ni jambo. Baada ya dakika tano akarudi, akanipa simu, akasema, "Dentist, Mama. Tuesday at ten," akapanda ngazi.

"Tulifika wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Kwenye shida," nikasema.

Muuguzi akashauri tumuulize mwenyewe kama amewahi kubaguliwa. Nikamwita tena. Akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, watu wazima wanne tunamtazama kwa matumaini, nikamuuliza kama wenzake shuleni wamewahi kumtukana kwa rangi yake au dini yake. Akafikiri kwa dhati. Ni mtoto mwenye adabu.

"Not really," akasema. "Mostly they're just boring."

Alipoondoka nikarudi kwenye kalamu yangu. Ninao mpaka leo muhtasari wa kikao kile, kwa mwandiko wangu mzuri, na mstari mmoja unasema hivi: Mjumbe kutoka Castle Vale alieleza kwamba mtoto huyu hana shida yoyote. Wajumbe walisikitika.

Juma lililofuata shemeji alikuja na insha tayari. Hakuona sababu ya kuwasumbua wajumbe wengine. Kurasa tatu, ameichapa maktaba, na ilianza na kibanda. Ndani ya kibanda hicho alizaliwa binti yangu, usiku wa mvua, taa ya chemli ikipepesuka. Aya ya pili alikuwa anachunga mbuzi kumi na wawili. Aya ya tatu mmoja wa mbuzi alichukuliwa na mamba, na hapo ndipo mtoto alipojifunza uongozi. Sisi ni watu wa mjini Tanga, nyumba yetu ilikuwa nyuma ya benki, na mbuzi tuliowajua waliletwa siku ya Idi wakaondoka siku hiyohiyo. Lakini lazima niseme ukweli: niliisoma nikaona ina uzito. Nilijisemea kwamba huenda Wamarekani wakaipenda. Nilikuwa nataka apate kile chuo, nilikitaka kwa nguvu zote, na kama mamba ndiye wa kumfikisha huko, basi karibu mamba.

Binti yangu aliisoma amesimama, karibu na friji. Alisoma zote tatu.

"Mum," akasema, "I'm scared of pigeons."

Nikamwambia asidharau kazi ya baba yake mdogo. Alikwenda juu, akarudi na karatasi nyingine, moja tu, imeandikwa pande mbili.

"Yangu mimi nimeshaandika," akasema kwa Kiswahili, na yeye akisema nami kwa Kiswahili najua kuna jambo. "Mwalimu amesema, kama insha inamhusu mtu mwingine, lazima huyo mtu akubali. Inakuhusu wewe, Mama. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa."

Kusoma Kiingereza nasoma vizuri, ni masikio tu ndiyo mavivu. Nikakaa. Sentensi ya kwanza ilisema: Nimekuwa mama yangu tangu nilipokuwa na miaka tisa.

Alianza na kampuni ya gesi. Nilikuwa nimempa simu nikamwambia waambie wewe ni mimi, na yeye akafanya hivyo, akiwa amesimama kwenye kiti cha jikoni kwa sababu aliona mtu mzima anapaswa kuwa mrefu. Alijifunza kuvuta pumzi kabla ya kujibu maswali, kwa kuwa mimi huvuta pumzi. Aliijua tarehe yangu ya kuzaliwa kabla ya kujua kusoma saa ya mishale. Alijua majibu ya maswali yangu yote ya siri benki, pamoja na shule yangu ya kwanza na kitu cha kwanza nilichokipenda, ambacho alikibuni mwenyewe kwa sababu hakutaka kuniuliza.

Kisha akafika kwenye miaka kumi na mitatu. Ilikuwa likizo, hospitali walipiga simu ya nyumbani, akapokea, akasema ndiye mwenyewe. Mwanamke wa upande wa pili akamwambia kwa upole, kama wanavyowaambia watu wazima, kwamba wameona kitu kwenye titi lake la kushoto na wangependa arudi Alhamisi wachukue kipimo kingine. Akasema asante. Akauliza aje saa ngapi. Akauliza kama ingefaa aje na mtu. Baada ya hapo akapika wali, kwa sababu mimi nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja, akapakua, akangoja nimalize kula, ndipo akaniambia. Aliandika kwamba kwa saa nne za mchana ule ugonjwa ulikuwa wake, na kwamba aliponipa, alijisikia vibaya kwa jinsi alivyofarijika.

Mimi nilichokumbuka cha juma lile ni kwamba halikuwa jambo. Walichoma sindano, wakasema uvimbe wa kawaida, njiani tukanunua chipsi. Nilizikumbuka chipsi, zilikuwa na siki nyingi mno.

Nilipomaliza kusoma niliona aibu, na aibu yangu haijui kukaa kimya, hugeuka ukali. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mambo ya ndani hayapelekwi Marekani. Nikamuuliza kama anataka watu waone mama yake ni mjinga asiyeweza hata kupokea simu, baada ya kusimama miaka sita mbele ya darasa na chaki mkononi. Nikaichukua ile karatasi ya shemeji juu ya friji, nikamwekea mezani.

"Bora mbuzi," nikasema.

"Okay, Mama," akasema. Akaikunja insha yake mara mbili, akaenda nayo juu. Hakufunga mlango kwa kishindo. Laiti angefunga kwa kishindo, ningepata la kusema.

Jumatano ikapita, na Alhamisi asubuhi. Kwenye kundi la simu shemeji alikuwa anatuma ujumbe kila saa: Kamati, tumefikia wapi? Kamati, muda si rafiki. Bi mkubwa alijibu kwa dua ndefu. Muuguzi akauliza kama mbuzi wanaweza kupunguzwa wakawa saba, maana kumi na wawili wanamfanya mtoto aonekane tajiri.

Alhamisi hiyo alipotoka shule tulikuwa tunakunywa chai, simu ikalia. Mkono wangu uliinyoosha simu kwake kabla sijafikiri, na mkono wake uliipokea vilevile. Akatoka koridoni. Safari hii nilinyanyuka nikamfuata, nikasimama nyuma ya mlango nikiwa na kikombe changu, jambo ambalo katika miaka yote hiyo sikuwahi kulifanya.

Ilikuwa halmashauri, wenye nyumba yetu, habari ya bomba la maji lililokuwa linavuja bafuni. Yes, speaking, akasema. Sauti ilikuwa nzito kuliko yake, na ya taratibu, na ilikuwa na uchovu ndani yake ambao mtoto wa miaka kumi na saba hana pa kuutoa. Alivuta pumzi kabla ya kila jibu. Alisema sorry mara nne. Sorry kwa kuwasumbua, sorry kwa kuwa bafu ni dogo, sorry kwa kutokuwepo nyumbani walipokuja mara ya kwanza, wakati ni wao ambao hawakuja. Alicheka kidogo pasipochekesha. Nikatambua kwamba ndiye mimi yule. Hivyo ndivyo ninavyoongea na watu wa hapa, na hakuna aliyewahi kunisikilizisha. Mtoto hakuwa ananikejeli, angenikejeli ningemsamehe haraka. Alikuwa ananifanya kwa uaminifu, kama mtu afanyavyo kazi aliyoizoea.

Alipofungua mlango alinikuta.

"Fundi anakuja Monday," akasema. Sauti ilikuwa imeisharudi kuwa yake.

"Itume," nikamwambia.

"Ya mbuzi?"

"Yako." Nikamwambia pia kwamba nasikitika kwa ule mchana wa miaka kumi na mitatu, na kwamba hakupaswa kuubeba. Yeye akasema it's fine, Mama, upesi mno, akaniondolea kikombe mkononi akaenda kukiosha. Aliituma kabla ya magharibi. Baada ya kuituma akaniuliza, akiwa ameikazia macho kompyuta yake, "Nikipata, simu atapokea nani?" Nikamwambia tutaunda kamati. Akacheka, nami nikacheka, na swali likabaki pale mezani na vyombo.

Kikao cha mwisho niliwaarifu wajumbe kwamba mwenyewe ameshachagua mada. Shemeji akauliza ni ipi.

"Simu," nikasema.

"Simu haina uzito," akasema mwenyekiti. Akataka iandikwe kwenye muhtasari kwamba ameonya. Muuguzi akauliza ni simu gani hiyo, nikaeleza kwa ufupi, bila titi, kwamba mtoto ameandika jinsi anavyonisemea. Nilitarajia wanicheke. Bi mkubwa, ambaye siku nzima alikuwa hajanyamaza, aliitazama kachori mkononi mwake.

"Wangu miye alianza na miaka kumi," akasema. Kisha akaomba chai, tukahamia mengineyo.

Alipata. Jibu lilikuja majira ya machipuko, na jioni hiyohiyo mwenyekiti alituma ujumbe mrefu wa kuipongeza kamati kwa kazi kubwa iliyofanyika usiku na mchana. Kwenye dhifa ya kumuaga alitoa hotuba juu ya umuhimu wa kumwongoza mtoto katika kuchagua mada. Kuna watu mpaka leo hapa mjini wanaamini kwamba chuo kilimchukua kwa sababu ya mamba, na wapo wawili walioniomba nakala ya ile insha ya kibanda kwa ajili ya watoto wao. Nimewapa.

Aliondoka Agosti. Septemba dawa zangu za presha zikaisha, na zahanati yetu hupokea simu kuanzia saa mbili asubuhi. Nilijiandaa kama mtu wa mtihani. Niliandika sentensi zangu kwenye karatasi, nikanywa maji, nikapiga. Nikaambiwa niko wa kumi na nne kwenye foleni. Nikangoja nimesimama, sijui kwa nini nimesimama, mpaka akapokea mwanamke mwenye sauti nzuri.

Nikamtajia jina langu. Nikamtajia tarehe ya kuzaliwa na anwani. Sikusoma karatasi. Nilijivunia hata nikataka kumwambia. Nikasikia anabonyeza bonyeza, kisha akaniuliza polepole, kama wanavyowauliza wazee, kama nampigia kwa niaba ya ndugu yangu.

Nikasema hapana, ni mimi.

Akasema samahani sana, lakini wao wameongea na mgonjwa huyu mara nyingi, miaka mingi, na sauti yake wanaifahamu. Ni kwa usalama wa taarifa zake. Je, anaweza kuongea na mwenyewe?

Nilivuta pumzi. Sorry ilikuwa imeshafika mdomoni, nikaimeza.

"Mwenyewe," nikamwambia kwa Kiingereza changu, "yuko Marekani."